Theluthi ya Mbuzi

Jirani, sogea kidogo nami nikae. Na usinitazame hivyo, leo sinunui kitu. Hata karanga za franka mia sinunui. Mimi ni mwanafunzi wa kupiga picha, na hapa Kasongo mwanafunzi wa kupiga picha ndiye mtu anayeshinda juani tangu asubuhi, halafu usiku analala na sombe ya kuomba.

Zamani nilikuwa na raha zangu. Mtu anakuja, anajinyoosha, nabonyeza, analipa. Hakuna aliyeniuliza habari za mizani wala kina. Halafu shemeji akaniambia kuna mafunzo, cheti kinatolewa, kamera atanikopesha yeye. Kamera yenyewe ya mitumba, skrini ina ufa katikati toka juu mpaka chini, kwa hiyo kila ninayemtazama humo ana kovu. Nikajiandikisha. Tangu hapo sijapiga picha ambayo mteja kaipenda. Mwalimu anazipenda. Lakini Mwalimu halipi.

Ugomvi wote umeanzia kwenye theluthi. Wewe hujui theluthi, na ubaki hivyo hivyo. Unachora mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Picha inagawanyika vyumba tisa. Pale mistari inapokutana pana nukta nne. Mtu wako umpeleke kwenye nukta mojawapo, macho yake hasa, na usimweke katikati. Katikati ni mwiko. Ukimweka mtu katikati, Mwalimu anavua miwani, anaipangusa, anaguna.

Nikauliza nani kaamua hivyo. Nikaambiwa ni Mwingereza mmoja, John Thomas Smith, mchoraji na mchonga nakshi, kaliandika jambo hilo kitabuni mwaka 1797. Mwaka 1797, jirani! Kamera haijagunduliwa. Naye alikuwa anaongelea michoro ya mashambani, kwamba anga lipewe theluthi mbili na ardhi moja, au kinyume chake. Mtu hajaona foto hata moja maishani mwake, hajahudhuria arusi ya Kasongo, hajawahi kugombana na mama muuza mchele, halafu ndiye anayenipangia mteja wangu akae wapi.

Maana huyo mama muuza mchele ndiye aliyenimaliza.

Kijana wake alipasi mtihani wa Exetat. Unajua mambo yetu: majibu yakitoka, aliyepasi anamwagiwa pudri nyeupe kuanzia utosini, karitie nzima inaimba, mbwa wanakimbia. Nikaitwa. Nikaenda mbio, nikijua leo nakula. Kumbe pudri na kamera hazipatani. Kamera inapima mwanga, inakuta weupe mwingi, inadhani jua limeanguka mle ndani, inafunga jicho. Inatoka picha ambayo pudri inaonekana punje kwa punje, na kijana haonekani. Meno yapo. Pudri ipo. Mwenye diploma hayupo.

Hilo mama alinisamehe. Akasema kijana mwenyewe wanamjua, haina shida. Akataka sasa picha yake yeye, mzazi. Kavaa kitenge kipya, kilemba juu, viatu vya kisigino. Akasimama mbele ya mlango wake, katikati, mikono chini, uso wa mahakamani. Mimi nikakumbuka shule. Nikamsogeza kulia kwenye nukta. Nikamwachia nafasi kushoto ya kutazamia, maana tunafundishwa mtu akitazama upande fulani, upande ule upewe hewa. Nikasogea karibu nipate uso. Nikabonyeza. Walahi, niliipenda ile picha. Nikakimbia kuitoa kwenye karatasi kwa mwenye gurupu na printa, kwa pesa yangu mwenyewe, nikijua narudishiwa.

Mama kaishika kwa vidole viwili. Kaigeuza nyuma. Kaigeuza mbele.

“Mimi niko wapi?”

“Huyu hapa, mama.”

“Huyu wa pembeni? Mbona umenisimamisha mlangoni kama mjane aliyekuja kudai sahani zake?”

Nikaanza kumweleza habari za Mwingereza. Hakungoja.

“Na viatu?”

“Viatu vimebaki nje ya fremu, mama.”

“Vimebaki nje. Mwanangu, unajua viatu hivi vimetoka wapi? Vimetoka Bukavu. Vimepanda ndege mpaka Kindu. Vimepanda pikipiki toka Kindu mpaka hapa, mvua inanyesha. Vimefika. Vije vishindwe kuingia kwenye picha yako?”

Sikuwa na jibu. Hata Smith asingekuwa nalo.

“Na huku kote kutupu ni nini?”

“Ni nafasi, mama. Inaipa picha pumzi.”

“Pumzi.” Akamwita binti yake, yule anayemshikia daftari la madeni ya mchele. “Picha nzima bei gani?”

“Franka 3000.”

“Na mimi nimekaa kwenye sehemu ngapi?”

Hapa ndipo elimu iliponiponza. Ningesema sijui, mambo yangeisha. Lakini mimi nimesoma, nikajibu kitaalamu: theluthi moja.

Akahesabu noti za franka 1000. Ilikuwa moja. Akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu yeye mwenyewe, kwa upole wa mzazi. “Zilizobaki kaidai hiyo pumzi.”

Binti akaandika kwenye daftari. Sijui aliandika nini. Najua tu kesho yake sokoni kila mtu aliijua bei yangu mpya.

Nikampelekea Mwalimu mashtaka. Nikamwambia, Mwalimu, watu wa huku wanataka katikati, na miguu yote miwili. Na si wa leo tu. Tazama picha ya Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ile ya ndevu nyeupe iliyozunguka dunia nzima. Kakaa wapi? Katikati. Mtu aliyetawala toka hapa Kasongo mpaka maporomoko ya kule Kisangani, nani atamwambia, mzee, sogea kidogo kwenye nukta? Mwalimu akasema huo ni mtindo wa studio, sisi tunasoma mwingine, akanimwagia majina. Jean Depara, aliyepiga Kinshasa ya usiku, baa na magari na warembo, miaka ya hamsini na sitini. Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1978, aliyewatoa wafanyakazi wa migodi kwenye picha za wakoloni akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyokufa. Georges Senga, wa Lubumbashi naye, wa 1983, aliyempiga mwalimu mmoja wa shule anayeitwa Kayembe Kilobo kwa sababu anafanana na Lumumba na anavaa na kuchana nywele kwa mtindo wake. Nikauliza, huyo Kayembe alikaa theluthi ya ngapi? Mwalimu akapangusa miwani.

Basi akaniadhibu kwa kunituma Tongoni. Yaani Kasongo ile ya kwanza, ya Waungwana, ambayo Wabelgiji wa kamanda Dhanis waliiteka tarehe 22 Aprili 1893, halafu mji ukahamishwa. Waakiolojia walikuja wakachimba pale, na huyo huyo Georges Senga jina lake limo kwenye andiko lao la 2020. Nikaambiwa nitafute mistari inayoongoza: njia, ukuta, safu ya miti, kitu chochote kinachoanzia miguuni mwako na kulivuta jicho mpaka ndani. Mimi nikatengeneza kichwani mahekalu na nguzo. Nikafika. Majani. Mihogo. Mwembe. Mama mmoja analima. Nikamwuliza magofu yako wapi, akaniambia umeyakanyaga. Nikatafuta mstari wa kuongoza, nikaukuta wa siafu. Nikaufuata kwa kamera, nikapiga magoti, nikainama nipate kina. Siafu ni mstari unaoongoza kweli kweli, na mimi uliniongoza mpaka mtoni. Mama anacheka, jembe limemponyoka.

Nikirudi mjini nataka angalau mwanga mzuri. Kuna kitu kinaitwa saa ya dhahabu. Jua likiwa chini, mwanga unakuja wa ubavuni, laini, ngozi inang'aa, hata ukuta wa udongo unapendeza. Vitabuni wanaielezea kwa utulivu, utadhani ni saa nzima ya kunywa chai. Hao wanakaa kwao kaskazini, jua linazama kwa mteremko, linajivuta. Sisi tuko nyuzi 4 na kitu kusini mwa ikweta. Jua letu halina adabu, linashuka wima. Ukifungua mkoba lipo, ukitoa kamera limeondoka. Na dakika zile zile chache ndizo za kushusha bendera. Filimbi inalia, kila mtu anaganda alipo: mwenye baiskeli ya bidoni za mawese, mtoto mwenye kuku, mimi na kamera yangu hewani. Mwanga mzuri kuliko wote wa siku, watu wamejipanga wenyewe, hakuna anayepepesa. Nami sina ruhusa ya kusogeza kidole! Bendera ikifika chini, watu wanatawanyika, giza linaingia.

Bendera hiyo hiyo ilinifikisha pabaya siku nyingine. Mkubwa mmoja, ofisi sitaitaja, aliniita nimpige mbele ya mlango wake. Nikampanga vizuri. Safari hii katikati, nimeshajifunza, viatu ndani, suti ndani. Sikuangalia nyuma yake. Jambo la kwanza Mwalimu analofundisha ni kuangalia nyuma ya mtu, usije ukampa mti wa kumwota kichwani. Mimi sikumpa mti. Nilimpa mlingoti.

“Kijana, hiki kichwani mwangu ni nini?”

“Bendera ya taifa, shefu.”

“Imeota kichwani mwangu?”

“Hapana shefu, iko nyuma. Ni jicho tu linaunganisha.”

“Kwa hiyo jicho linasema mimi ni mlingoti.”

Nikaamriwa nifute. Nikauliza kwa heshima: nifute bendera? Chumba kikanyamaza. Wakatazamana. Msaidizi wake akasema, basi afute kichwa. Wakatazamana tena. Ikaitishwa otorizasioni yangu ya kupiga picha. Otorizasioni ipi? Nimeitwa na yeye mwenyewe! Nikaambiwa kuitwa si karatasi. Jirani, mpaka leo hiyo picha iko kwenye droo ya mtu, haifutwi, hailipwi, na kila nikipita pale naangalia upande mwingine.

Mwalimu kunifariji akanisomea habari za Mfaransa, Cartier-Bresson, ambaye 1952 alitoa kitabu kikubwa cha picha, na mafundisho yake ni kwamba kila tukio lina nukta yake ya wakati, ukiiwahi vitu vyote vinakaa sawa kwenye fremu, ukiikosa ndiyo basi. Alikuwa anajificha, anavizia, watu hawamwoni. Vizuri. Aje avizie Kasongo. Ukiinua kamera hapa kabla hujafumba jicho moja, mtaa mzima umesimama wima, mikono chini, pumzi zimebanwa, na kuna mzee amekwenda ndani kuchukua koti. Nukta ya wakati hapa inakungoja wewe. Inakungoja mpaka inakasirika. Kitu kimoja tu nilikipenda kwa huyo Mfaransa: akiwa kijana alikwenda Kodivaa, unyevu ukaharibu filamu zake, homa ikataka kumwua. Nikajisikia nina ndugu.

Kazi ya nyumbani iliyofuata ilikuwa namba witiri. Piga vitu vitatu. Viwili, anasema Mwalimu, vinatazamana tu, vinne vinapanga foleni, lakini vitatu vinafanya pembetatu na jicho linazunguka humo lisitoke. Nikaona bora niende Kabambare. Shangazi yangu kaolewa kule kwa Wabangubangu, kuna arusi, siwezi kukosa watatu.

Njia ya Kabambare sikuelezi, unaijua. Matope, vumbi, matope, halafu daraja la magogo ambalo gogo moja limeshaingia jikoni kwa mtu. Dereva wa pikipiki anaimba, abiria anasali. Kwenye barieri moja wameweka mwanzi unaokatiza barabara. Jua limeupiga ubavuni. Mstari wa kulala, msafi, umekaa pale pale kwenye theluthi ya chini. Mkono ukaenda wenyewe.

Mwenye mwanzi akaja. Bunduki mgongoni, ndara miguuni.

“Unapiga nini?”

“Mstari, shefu.”

“Mstari gani?”

“Huo mwanzi. Unagawa ardhi na anga.”

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa kivulini. “Yaya, njoo usikie. Huyu anasema sisi tunagawa ardhi.”

Nilifuta picha zote. Nikalipa mwanzi, nikalipa mstari, nikatoa na matabishi ya kusikilizwa. Dereva wangu wakati wote ule alijifanya hanijui.

Kabambare nikafika nimejaa vumbi, najihurumia. Lakini kuna mtu alipata shida pale kuliko mimi. Livingstone. Alifika mara ya kwanza 1869, mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza huko miezi na miezi, karatasi zikamwishia, akawa anaandika juu ya kurasa zilizokwisha chapwa, na wino wa mimea. Wino ukafifia. Kuna barua aliyoiandika Kabambare Februari 1871 ikawa haisomeki kabisa, mpaka wataalamu wakaipiga picha kwa mianga mbalimbali, mmoja mmoja, ile tunayoiona na ile tusiyoiona, wakapata maneno yaliyokuwa yamejificha. Waliitoa 2010. Nilimwuliza Mwalimu kama watu hao wanapokea kazi nyingine, maana nina picha za arusi za saa sita mchana, jua utosini, macho ya watu yote yamegeuka mashimo, na familia inataka kujua nani ni nani. Akasema kazi ile ni ghali. Nikasema basi waanze na bibi arusi tu.

Nikadhani Kabambare sijulikani. Sijamaliza kunawa uso, mjomba wa bwana arusi kanijia, fimbo mkononi.

“Wewe ndiye yule wa theluthi?”

Sijui nani aliipeleka habari. Mimi nimepanda pikipiki kutwa, maneno yana njia yao.

“Ndimi, mzee.”

“Vizuri. Tuko watatu.”

Akajiweka kulia. Akamwita mkewe akamkalisha kushoto kwenye kigoda. Katikati, mbele kidogo, wakamleta mbuzi wa mahari, dume, madoa meupe, kamba shingoni. Mzee akauliza kila mmoja amepata sehemu yake sawa? Sawa. Basi tunagawana bei, franka 1000 kila mmoja. Mimi sikupanga chochote. Nilichofanya ni kusogea mbele kidogo, nikakata pembeni kulikokuwa na makofia na mikono ya watu, nikabonyeza. Mbuzi akanitazama moja kwa moja kwenye lenzi. Hakupepesa.

Ile picha Mwalimu alipoiona baadaye hakupangusa miwani. Aliiweka juu ya meza, akachora pembetatu kwa kidole: kofia ya mzee, kilemba cha mama, pembe za mbuzi. Akaonyesha fimbo inavyoshuka na kamba inavyopanda. Akaniuliza nani kawapanga hawa. Nikakohoa kidogo. Nikasema mimi.

Lakini pesa. Mjomba alitoa franka 1000. Mkewe alitoa franka 1000, tena noti mpya. Nikauliza ya mbuzi. Mjomba akasema mbuzi si wake tena, ameshamtoa kwa wakwe, wadai wao. Nikaenda kwa baba wa bibi arusi. Yeye akasema mbuzi alikuwa hajapokelewa, mahari haijahesabiwa, mbuzi bado ni wa wale. Nikarudi kwa wale. Wakanirudisha kwa hawa. Mwisho wazee wakakaa barazani, wakasema jambo ni jepesi: wakati wa picha, kamba ilikuwa mkononi mwa nani? Mwenye kamba ndiye mwenye mbuzi. Lete picha.

Nikaleta. Wakainama wote. Kamba inatoka shingoni, inapanda vizuri, inaliongoza jicho kwa ufundi mkubwa mpaka ukingoni mwa picha, na pale imekatika. Mkono nimeukata.

“Mkono uko wapi?”

“Nje ya fremu, wazee.”

Wakanitazama. Mmoja akaomba kamera aangalie nyuma yake, labda mkono umeangukia huko.

Basi wakaenda chemba, wakarudi na swali moja. Jana nyama ya mbuzi huyo ulikula? Nilikula. Kipande gani? Shingo. Wakahesabu hapo hapo, kwa bei ya soko la Kabambare. Ikaonekana shingo ni zaidi ya franka 1000, kwa hiyo mbuzi hana deni, mimi ndiye natakiwa kurudisha chenji. Shangazi kaniwekea dhamana mpaka mwisho wa mwezi, na kamera ya shemeji imebaki kwake kama rehani. Kwa hiyo, jirani, hizo karanga, ukiniandika kwenye daftari lako itakuwaje?